Boti ya Nyamisati si dawa

Kisiwani Mafia, kijana akiharibikiwa, dawa ya kwanza ya familia nyingi ni boti. Kaiba simu Kilindoni, au kadakwa na doria ya Hifadhi ya Bahari akiwa kwenye chombo cha juya. Kabla jua halijazama jamaa wameshakubaliana avushwe Nyamisati, upande wa bara, akakae kwa mjomba Mbagala, Dar es Salaam. Namwelewa mama anayefanya hivyo. Kisiwa ni kidogo, kila anayekutana naye sokoni analijua kosa la mwanawe. Ila kijana aliyetoroshwa hujifunza jambo moja tu, kwamba nyumbani watamficha. Na mjomba huko mjini mara nyingi hajaambiwa anampokea nani.

Wazazi wanaogopa jela. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo cha jela aliye chini ya miaka 18. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faragha, mzazi akiwa na nafasi ya kuwapo, na afisa ustawi wa jamii huandika taarifa ya maisha yake. Mahakama yaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu anayefaa kumlea, au kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, mbali kabisa, Mbeya.

Basi kabla ya yote tafuta cheti cha kuzaliwa. Bila hicho, kijana wa miaka 16 mwenye kifua cha mvuta nyavu anaweza kuandikwa mtu mzima. Kisha mweleze afisa ustawi ukweli wote, hata ule wa bangi, hata ule wa baba kukaa dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, miezi. Anayempamba mwanawe hapo anamkosesha msaada.

Kugumu ni nyumbani. Mama hukesha akijiuliza amekosea wapi. Baba hutangaza kwamba huyo si mwanawe tena. Mmoja anajitwika kosa la mtoto, mwingine anamfukuza mtoto pamoja na kosa lake, na kijana mwenyewe habaki na lolote la kujibu. Nenda kituoni ukamwone, mpelekee chakula, lakini usimsemee uongo. Akitakiwa kulipa fidia, ailipe kwa jasho lake, abebe nazi, apare samaki. Mbuzi wako usimuuze kuimaliza kesi. Wapo watakaouita huo ukatili. Mimi siuiti hivyo.

Nawe tafuta mtu mmoja wa kusema naye, awe dada, jirani au shehe, alimradi si mpeleka maneno. Usingizi na hamu ya kula vikikupotea wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya ujieleze kama mgonjwa mwingine yeyote. Wadogo zake nao waambieni kilichotokea, kwa maneno machache ya kweli, maana kesho asubuhi watayasikia shuleni yakiwa yameshaongezwa chumvi.