Kabla ya Padre, Katekista

Mwishoni mwa mwaka 1882, wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe waliondoka ufalme wa Buganda wakavuka ziwa kwenda kusini, baada ya Kabaka (mfalme) Mutesa kuwageuka. Nyuma walibaki wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa ubatizo, na wabatizwa wachache, bila padre hata mmoja. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta waamini wameongezeka. Kazi hiyo ilifanywa na walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Matia Mulumba kule Mityana, na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliyethubutu kuwafundisha dini hata watoto wa Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka. Hilo ndilo lililomponza. Aliuawa tarehe 26 Mei 1886.

Anayetaka kuelewa jinsi imani Katoliki inavyorithishwa Afrika Mashariki aanzie hapo, kwa katekista, mlei anayefundisha dini.

Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman alifika mwaka 1889. Alikuwa ametekwa utumwani utotoni, akakombolewa, kisha akasomea utabibu Malta. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Wengi waliomfuata hawakuwa na elimu kama yake, lakini hadi leo, kwenye kigango, tawi la parokia ambalo padre hulifikia mara chache, katekista ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili, anayezika, anayefundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, na mara nyingi ndiye anayeitwa ndoa ikitikisika.

Tarehe 10 Mei 2021, kwa barua yake Antiquum Ministerium, Papa Francisko aliifanya kazi hiyo kuwa huduma rasmi ya Kanisa, ambayo mlei, mwanamume au mwanamke, husimikwa na askofu wake. Roma ilitia muhuri jambo ambalo vigango vyetu vilikuwa vimeishi nalo kwa zaidi ya karne. Mafunzo na vigezo vya kumpata mhusika viliachwa mikononi mwa mabaraza ya maaskofu.

Ugumu wa leo uko kwenye mafundisho yenyewe. Kwa miaka mingi mtoto alikariri maswali na majibu, akapimwa kwa kumbukumbu, akapokea Komunyo ya kwanza. Kukariri si kubaya. Sala nyingi tunazosali tukiwa wazee tulizikariri. Tatizo ni kuishia hapo. Parokia nyingi zinaijua sura ya kijana anayehudhuria kwa bidii hadi siku ya Kipaimara, kisha haonekani tena mpaka atakapotaka kufunga ndoa. Kipaimara kimegeuka mahafali.

Kanisa lilikwisha kuonyesha njia nyingine. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza ukatekumeni uchukue miaka 4, maana alitaka watu wabadilike kabla ya kubatizwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukarudisha ukatekumeni wa hatua kwa hatua kwa watu wazima, na taratibu zake zikatolewa mwaka 1972. Mwongozo wa katekesi wa mwaka 2020 unasisitiza kwamba katekesi yote, hata ya watoto, ichukue mfano huo: tangazo la Kristo kwanza, kisha maisha, ibada na jumuiya. Mwongozo huohuo unazungumzia pia utamaduni wa kidijitali. Kijana mwenye simu hukutana na hoja dhidi ya imani yake kabla katekista hajafika sura ya pili.

Kwa hiyo katekista anahitaji kusoma zaidi, na kusoma kunagharimu. Hapo ndipo maneno matamu hugeuka ukimya. Hati ya Mtaguso kuhusu umisionari, Ad Gentes ya mwaka 1965, ilitaka makatekista wanaofanya kazi hiyo muda wote walipwe haki yao na wawe na uhakika wa maisha. Zaidi ya nusu karne baadaye, wapo wanaohudumia kigango kwa posho ndogo na debe la mahindi baada ya mavuno, huku wakilima shamba lao alfajiri ili wawahi darasa la jioni.