Muhuri Usiochongeka

Muhuri wa mpira huchongwa mtaani huku mteja akisubiri. Ndiyo maana mwajiri makini akipokea nakala ya cheti hupiga simu chuoni kuulizia. Mwaka 2017 chuo cha MIT, Marekani, kilijaribu njia nyingine: wahitimu 111 walipewa nafasi ya kupata shahada ya kidijitali ndani ya simu zao, ambayo mwajiri aliweza kuihakiki mwenyewe.

Kinachoilinda shahada ya namna hiyo ni hesabu. Waraka mzima hupitishwa katika kanuni kama SHA-256, ukatoka mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Geuza alama ya C iwe B, na mfuatano wote unavurugika. Chuo huutia sahihi mfuatano huo kwa ufunguo wa siri kinaoumiliki peke yake. Ufunguo wa wazi, ambao kila mtu anaweza kuupata, hutosha kukagua sahihi hiyo.

Kwa ujuzi mdogo mdogo, kama kuchomelea au kuchora kwa kompyuta, kuna beji za kidijitali, ambazo Mozilla ilianza kuziandalia kanuni za pamoja mwaka 2011. Picha ya beji hubeba taarifa: nani katoa, nani kapewa, kwa vigezo gani. Ipo pia nafasi ya ushahidi, ila si lazima ijazwe.

Na hapo ndipo penye pengo. Sahihi huthibitisha kwamba chuo kimesema. Haithibitishi kwamba mkono unaweza. Pengo hilo hujazwa na mkoba wa kazi: michoro, hesabu za mizigo, vipimo vya maabara, vikiwa na tarehe zake. Tena humsaidia mwenyewe kupanga safari. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiufungua akakuta michoro tele bila kipimo hata kimoja, anajua field ijayo aombe wapi.

Tuseme ulimimina vipande vya zege vya milimita 150, ukavilowesha siku 28, kisha mashine ikavivunja kabla ya nguvu uliyokusudia. Wengi hulificha tukio hilo. Liweke mkobani pamoja na picha, vipimo vya mchanganyiko na sentensi moja: maji yalizidi. Cheti hakina pa kuandika hayo, na mhandisi anayekusaili, ambaye naye zege limewahi kumpasukia, ataanzia hapo hapo.