Mtoto Aanzapo Chekechea: Wazazi Wamtayarishe kwa Kweli



Kila ufunguapo mwaka wa masomo, watoto wengi huachana na mama zao kwa mara ya kwanza wakaingia chekechea. Katika Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kuwa elimu ya awali ya mwaka mmoja ni ya lazima. Katika Kenya mtoto husoma miaka miwili kabla ya kuingia darasa la kwanza. Wazazi hununua sare, mkoba na viatu, wakadhani matayarisho yamekwisha. Sisi twaona kuwa lililo kubwa zaidi haliuzwi dukani, nalo ni mtoto kuliamini neno la mzazi wake.

Shule za namna hii zina asili ya miaka mingi. Friedrich Froebel alifungua yake huko Ujerumani mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto, kwa kuwa alitaka mtoto ajifunze kwa kucheza. Nasi katika pwani tulikuwa na vyuo vya Kurani, ambavyo watoto wetu waliviingia wangali wadogo. Mambo haya mawili yalikutanishwa na mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Lakini shule ikiwa njema namna gani, mtoto huingia na yale aliyoyasikia nyumbani. Wako wazazi wanaomtisha: "Ngoja uende shule, mwalimu atakuchapa!" Kisha humshangaa akimkimbia mwalimu huyo. Wako na wanaomdanganya: "Nakwenda hapo nje, narudi sasa hivi," nao hawarudi mpaka adhuhuri. Mtoto akigeuka asimwone mama, hilia shule na hulia pia kwa kuwa neno la mama limevunjika. Kesho yake atamng'ang'ania zaidi.

Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa Abdallah bin Amir alipokuwa mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwao. Mtume akamwuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamjulisha kuwa lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uwongo. Ikiwa ahadi ya tende ina hisabu yake, seuze ahadi ya kurudi kumchukua mtoto aliye peke yake ugenini?

Basi yafaa kuanza wiki kadhaa kabla. Mwacheni mtoto kwa bibi au shangazi yake kwa muda mfupi, mkimwambia wazi mtarudi lini, na mrudi wakati huo huo. Mtoto mdogo hajui saa, kwa hivyo mwambieni kwa mambo ayajuayo: "Mkisha kunywa uji, mkacheza, mkaimba, nitakuja." Mpelekeni aione shule na kumwamkia mwalimu. Mfundisheni kwenda msalani, kustanji na kunawa mikono mwenyewe, kuvaa viatu, kufungua chombo cha chakula, kutaja jina lake, na kusema anapotaka msaada. Haya yatamfaa siku ile kuliko kujua herufi zote. Alale mapema pia, ili asiamke kwa kuvutwa.

Asubuhi yenyewe, semeni Bismillahi, mkabidhini kwa mwalimu, muagane kwa maneno machache, kisha nendeni. Msitoroke, wala msirudi dirishani kuchungulia. Akilia, msimwaibishe kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani. Watoto wengi hulia siku za mwanzo kisha huzoea. Kilio kikiendelea kwa majuma mengi, kaeni na mwalimu mtafute sababu. Baba naye asiseme kuwa hii ni kazi ya mama. Siku ampelekapo yeye, mtoto huona kuwa nyumba nzima imekubaliana.

Na saa ya kumchukua ifikapo, mzazi awe amekwisha fika mlangoni. Hapo ndipo mtoto hujifunza somo lake la kwanza, kwamba ahadi hutimizwa. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwalea wana wetu katika kweli. Amin.