Uwanja wa Signoria katika Mji wa Florence

Katika safari yangu ya Italia sikuona mahali palipoushika moyo wangu kama uwanja uitwao Piazza della Signoria, katika mji wa Florence. Nataka kuwaeleza habari zake kwa kifupi.

Zamani mahali hapo palikuwa na nyumba za jamaa ya Uberti. Katika karne ya 13 jamaa hiyo ilishindwa na adui zake wa mjini, nyumba zao zikabomolewa, na mahali palipobaki patupu pakawa uwanja. Mwaka wa 1299 wenyeji walianza kujenga kando yake jumba la serikali, ambalo leo huitwa Palazzo Vecchio, yaani Jumba la Kale. Mnara wake una urefu wa meta 94. Humo walitundika kengele kubwa, watu wakaiita Ng'ombe kwa sababu ya mlio wake mzito. Ilipolia, raia walikusanyika uwanjani. Wazee wetu husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Na huko ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka wa 1494 watu wa Florence waliwafukuza Medici, jamaa ya matajiri waliowatawala, wakamfuata mtawa mmoja, Girolamo Savonarola, aliyehubiri toba. Tarehe 7 Februari, 1497, wafuasi wake walirundika uwanjani vioo, karata, vinanda na mavazi ya fahari, wakavitia moto, na watu wakashangilia. Lakini baadaye Papa Alexander VI alimtenga na Kanisa, na wengi wakamwacha. Tarehe 23 Mei, 1498, katika uwanja ule ule, alinyongwa pamoja na watawa wenzake wawili. Maiti zao zilichomwa moto, na majivu yakatupwa katika mto Arno. Tangu siku ile ya shangwe ilikuwa imepita miezi kumi na mitano tu.

Mwaka wa 1504 raia waliweka mbele ya jumba hilo sanamu ya Daudi, yule kijana aliyemwua Goliathi. Michelangelo aliichonga katika jiwe moja la marumaru, na urefu wake wapita meta 5. Wengi waliiona kuwa ni onyo kwa kila mtawala mwonevu. Hata hivyo Medici walirudi, na mwaka wa 1594 sanamu ya Cosimo wa Kwanza, mtu wa jamaa yao, ilisimamishwa papo hapo, naye amepanda farasi. Daudi mwenyewe alihamishiwa ndani ya nyumba mwaka wa 1873. Anayeonekana uwanjani sasa ni mfano wake tu, uliowekwa mwaka wa 1910.

Wageni wengi hutazama juu, kwenye mnara na sanamu. Nami nilifanya vivyo hivyo, mpaka nilipotazama miguu yangu. Karibu na chemchemi ya Neptune nilikuwa nimesimama juu ya jiwe la mviringo, lenye jina la Savonarola na tarehe ya kufa kwake. Nikasogea kando upesi. Watu walipita wakilikanyaga, wakicheka na kupiga picha.

Basi, ndugu zangu, mmoja wenu akijaliwa kufika Florence, asisahau kutazama chini. Daudi atamwonyesha ushujaa, lakini jiwe lile litamkumbusha kwamba wanaokushangilia leo, kesho huenda wakaleta kuni.