Gari la kwanza la kijana wako: majina matatu lazima yafanane

Tuseme unauza sandali za ngozi Soko la Kariokor. Kijana wako ana miaka 19, leseni ameshapata, na mnataka gari dogo la kupelekea wateja mzigo hadi Rongai na Kitengela badala ya kulipa boda na matatu kila siku. Miaka minne umeweka kidogo kidogo kwa simu, na sasa akiba imefika Sh400,000.

Jioni moja anakuja mbio, simu mkononi. "Mathe, cheki hii!" Ni Vitz nyeupe, picha safi, Sh320,000 pekee. Muuzaji anasema anasafiri nje wiki hii na kuna watu wengine wawili wanalitaka gari. Mkituma Sh20,000 leo, atawashikilia.

Usitume. Hata shilingi mia.

Pesa ya kushikilia gari ambalo hujaliona

Bei iko chini kuliko ya wengine, muuzaji ana haraka, na haonekani ana kwa ana. Ukiona mambo hayo matatu pamoja, shuku. Picha huenda aliziiba kwa tangazo la mtu mwingine.

Wengi hufikiri kwamba mambo yakiharibika watapiga simu huduma kwa wateja na pesa zirudi. Piga, na upige mara moja, kisha uripoti kwa polisi. Lakini fahamu kwamba mkora akishatoa pesa kwa wakala, hakuna kilichobaki kwenye akaunti cha kurudisha. Kinga yako iko kabla ya kuweka PIN.

Majina matatu

Gari halisi likipatikana, omba namba ya usajili na kitambulisho cha muuzaji. Ingia eCitizen, nenda huduma za NTSA, ulipie rekodi ya gari. Ndiyo watu huita kufanya "search". Itakuonyesha jina la mwenye gari, namba ya chesisi na ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji mwenye haki juu ya gari hilo. Namba hizo zilinganishe na zilizo kwenye gari lenyewe.

Sasa weka majina matatu pamoja: lililo kwenye kitambulisho, lililo kwenye rekodi ya NTSA, na linalotokea kwenye simu yako unapotaka kutuma pesa. Yote matatu yawe ya mtu mmoja. Ukiambiwa "hiyo ni namba ya shemeji, yangu iko na shida", simamisha biashara hapo. Kama ni shida ya kweli, ataitatua kisha mtaendelea.

Ada za serikali nazo hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, kwa namba ya malipo ambayo mfumo umekupa. Broka akisema umtumie yeye ndio akulipie NTSA, mshukuru tu, ulipe mwenyewe.

Gari gani linamfaa dereva mpya?

Dereva mpya atagusa ukuta, atakwaruza mlango, atasahau taa zikiwaka usiku kucha. Kwa hivyo mtafutie gari dogo ambalo spea zake zinapatikana kwa urahisi na kila fundi analijua: Vitz, Demio, March, Probox. Kutoka Kariokor mko karibu na Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaita Grogan. Kabla ya kununua, pita huko uulize bei ya taa ya mbele, bampa na brake pads za gari unalolitaka. Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko tangazo.

Siku ya kuliangalia, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Fikeni asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huficha makosa. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, kwa hivyo angalia pedali na usukani: je, zimechakaa kuliko mita inavyodai? Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha jaribu breki na mikanda yote, pamoja na ya nyuma. Redio kubwa haitamwokoa mtoto wako Thika Road usiku wa mvua.

Usimalize akiba yote kwa gari

Ukiwa na 400,000, usitafute gari la 400,000. Hesabu ya mfano ni hii: gari 320,000, tairi na breki 35,000, bima na kuhamisha umiliki 15,000, dharura 30,000. Hiyo ya dharura iweke kando, mahali ambapo hutaigusa ukiona viatu vizuri Gikomba.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini hailipii gari lako. Inalipia wengine mliowaumiza au kuwaharibia mali. Kijana akigonga nguzo, gharama ya gari ni yenu. Ukichukua bima kubwa, usifiche kwamba dereva ni kijana mwenye leseni changa. Kampuni nyingi humwongezea dereva kama huyo kiasi anachotakiwa kubeba mwenyewe ajali ikitokea, na ukificha, siku ya kudai unaweza kuambiwa hakuna malipo. Uliza kiasi hicho, na ukipate kwa maandishi.

Siku ya kulipa

Tangu 2023, kiwango cha juu kwa muamala mmoja ni Sh250,000, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya Sh500,000. Kwa hivyo 320,000 itaenda mara mbili: 250,000, halafu 70,000. Zote ziende kwa jina lile lile. Muuzaji naye aangalie salio lake. Akiwa tayari na 200,000 ndani, pesa yote haitaingia. Mkiona hii ni shida, tumieni benki kwa benki. Kutembea na bunda la noti kutoka Kariokor hadi Ngara si ujasiri.

Lipa mkiwa pamoja, mchana, baada ya kuandika makubaliano yenye majina, namba za vitambulisho, namba ya gari, bei na sahihi za mashahidi. Nakili humo namba za miamala. Kabla hamjaachana, muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen, nawe uukubali kwenye yako. Usikubali "tutafanya wiki ijayo". Gari likibaki kwa jina lake, shida zake zinaweza kuwa zako, na zako zake.

Mkabidhi simu, kisha ufunguo

Mwache kijana afanye "search" mwenyewe, wewe ukiwa kando. Asome jina kwa sauti kabla ya kuweka PIN. Halafu mkubaliane mafuta ya wiki ni shilingi ngapi, na akilipa kwa simu stesheni, ujumbe usifutwe. Mwisho wa mwezi mtakaa chini na kuona gari linaleta au linakula.

Na kama ile Vitz nyeupe ilikuwa ya kweli na imenunuliwa na mwingine, pole. Nyingine itakuja, na 400,000 zenu bado ziko.