Juu ya Nini Mtumbwi Unaelea? Somo la Maji kwa Mama na Watoto



Juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulifikiri sana: kuvuka Lualaba. Mama anatoka Alunguli na ndizi zake, sombe yake na bidoni yake ya mawese, anaingia katika mtumbwi, na baada ya muda yuko ngambo ya Kasuku, sokoni. Jioni anarudi. Mtoto aliye mapajani anatazama maji na kuuliza: « Mama, juu ya nini kisu kikianguka kinazama, na mtumbwi huu mkubwa hauzami? » Mara nyingi tunamjibu: « Nyamaza, tulia, utaanguka. »

Sisi tunaofundisha hatuna haki ya kumcheka mama huyo. Kuna siku tulivuka na mtoto wetu katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Magunia yalikuwa katikati, watu mbele na nyuma, na ukingo ulibaki juu ya maji kwa upana wa vidole vinne tu. Tuliona, na tuliogopa, lakini tulikuwa na aibu ya kusema mbele ya watu. Katikati ya mto mtu mmoja aligeuka kuokota kandambili yake, mtumbwi ukainama, maji yakaingia. Tulichota maji kwa masahani mpaka ngambo. Tulifika, Mungu asifiwe. Lakini juma lile lile tulikuwa tumeandika ubaoni kanuni ya Archimède, na wanafunzi walikuwa wameisoma kwa sauti. Tuliijua kwa kichwa, na hatukuitumia tulipoihitaji kwa ajili ya mtoto wetu wenyewe.

Ndiyo maana tunaandika.

Uzito peke yake haujibu swali

Chukueni chungwa moja, mlitie katika beseni la maji. Kwa kawaida litaelea. Sasa limenyeni ganda lote, mlirudishe majini. Litazama. Watoto watashangaa, kwa sababu chungwa limekuwa jepesi kuliko mwanzo, na bado linakwenda chini!

Siri iko katika ganda. Ndani ya ule weupe wa ganda kuna vitundu vidogo vilivyojaa hewa. Ganda linaongeza uzito kidogo, lakini linachukua nafasi kubwa majini. Ni kama jile ya kuokoa maisha ambayo chungwa limevaa.

Basi swali la kuuliza ni hili: kitu hiki kina uzito gani ukilinganisha na nafasi kinayochukua? Shuleni tunaita jambo hilo densite. Kipimo chake ni rahisi, hata mama asiyesoma sana anakijua: litri 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kitu ambacho litri yake moja ina uzito chini ya kilo 1 kitaelea. Kile kinachopita kilo 1 kitazama.

Mnayajua tayari

Mama anayeuza mawese anajua kwamba mafuta yanakaa juu ya maji. Litri 1 ya mawese ina uzito wa gramu 900 hivi. Kwa hiyo bidoni ya litri 20 ikijaa mafuta, ndani yake kuna kilo 18 hivi, si kilo 20. Anayenunua kwa litri na kuuza kwa kilo afanye hesabu hiyo kabla ya kupanga bei. Na kama mtu ametia maji katika mafuta ili kuongeza bidoni, maji hayo yatashuka chini. Mimineni kidogo katika chupa nyeupe, mwache itulie, mtaona mstari.

Yai nalo linasema umri wake. Yai jipya linalala chini ya maji. Lililokaa siku nyingi linasimama wima. La zamani sana linaelea, kwa sababu unyevu umetoka kidogo kidogo kupitia kaka na hewa imechukua nafasi yake.

Na wamama wanaoosha mchanga wa madini upande wa Kailo na Kalima wanaifanya kazi hii ya densite kila siku, hata kama hakuna aliyewaambia jina lake. Litri 1 ya jiwe la kawaida la mchanga ina uzito wa kilo 2 na nusu au zaidi kidogo. Litri 1 ya kasiteriti, ile tunayotoa bati, inafika karibu kilo 7. Dhahabu inapita kilo 19. Ndiyo maana maji yanachukua mchanga kwanza, na madini yanabaki chini ya karai.

Basi chuma kinaeleaje?

Litri 1 ya chuma ina uzito wa karibu kilo 8. Msumari unazama mara moja. Lakini bandarini kwetu tumeona vyombo vya chuma vilivyobeba mizigo na watu kwenda Ubundu, safari ya kilomita 300 hivi juu ya maji.

Archimède, aliyeishi katika mji wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ndiye aliyetoa jibu. Kitu kikiingia majini kinasukuma maji kando. Maji nayo yanakisukuma kitu kile kwenda juu, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa. Msumari unaondoa maji machache sana, hayatoshi kuubeba. Lakini chuma kilekile kikifanywa bamba na kukunjwa kama sufuria, ndani yake kunakaa hewa, na kinaondoa maji mengi. Chombo kinashuka mpaka maji kinayoyaondoa yawe na uzito sawa na chombo chenyewe pamoja na mizigo na watu. Hapo kinatulia.

Jaribuni nyumbani na watoto. Chukueni udongo wa mfinyanzi, mfanye donge kama ngumi ya mtoto. Litieni majini: linazama. Litoeni, mlikande liwe bakuli lenye kuta nyembamba. Liwekeni polepole juu ya maji: linaelea. Udongo ni uleule!

Sasa mtoto atie maharagwe ndani, moja moja, katikati, akihesabu. Bakuli litashuka kila mara, mpaka harage moja litafika na maji yataingia. Kisha mrudie, lakini maharagwe yote yawekwe upande mmoja. Litazama mapema zaidi, kabla ya kufika hesabu ya kwanza. Mwulizeni mtoto: « Kosa ni la harage la mwisho? » Mwacheni ajibu mwenyewe. (Na beseni la maji lisiachwe kamwe na mtoto mdogo bila mtu mzima karibu.)

Hesabu ya mtumbwi wetu

Tuseme mtumbwi una urefu wa mita 8, na upana wake ni sentimita 60. Ukishuka sentimita 1 majini, unaondoa litri 48 za maji, maana yake unabeba kilo 48 zaidi. Kwa hiyo mtu mzima mmoja wa kilo 60 anaushusha kwa zaidi kidogo ya sentimita 1. Gunia la kilo 100 linaushusha sentimita 2. Watu kumi wanaushusha zaidi ya sentimita 12. Na maji yanayovuja ndani nayo ni mizigo: kila litri inayoingia inaongeza kilo 1.

Mmoja atasema: « Kama ukingo umebaki sentimita 10, si bado kuna nafasi ya watu saba au nane? » Kwenye karatasi ndiyo. Mtoni hapana. Sentimita hizo 10 si nafasi ya abiria. Ni nafasi ya wimbi la balenieri inayopita, ya mtu anayegeuka ghafula, ya upepo wa mvua. Mtumbwi ukiinama, upande mmoja unashuka na ukingo wake unakuta maji. Hapo ni kama maharagwe yale yaliyowekwa upande mmoja.

Tunachofanya sisi sasa

Tangu siku ile tumejiwekea desturi, na tunawaomba mwifikirie katika vikundi vyenu.

Kwanza, kabla ya kupanda tunatazama ukingo pale ulipo chini zaidi, watu na mizigo wakiwa tayari ndani. Kama hauko juu ya maji kwa shibiri moja nzima, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, hatupandi. Hiyo si sheria ya serikali, ni kipimo chetu cha mkono, ambacho kila mama anatembea nacho.

Pili, mizigo mizito iwe chini na katikati, na watu wakae, wasisimame. Mtoto mchanga tunampakata mbele, hatumfungi mgongoni, ili mikono yetu imfikie upesi.

Tatu, tukipata jile tunazivaa, na watoto wanavaa kwanza. Tusipozipata, tunabeba bidoni tupu ya litri 20 iliyofungwa kizibo vizuri. Bidoni hiyo ikizamishwa inasukumwa juu kwa nguvu ya kubeba kilo 19 hivi. Mwili wa mtu una densite inayokaribia sana ile ya maji, kwa hiyo msaada mdogo unatosha kuweka kichwa juu. Lakini tusijidanganye: bidoni inateleza mikononi, na mtoto mdogo hawezi kuishika. Si badala ya jile.

Nne, mtumbwi wa mti ukipinduka, tushike mtumbwi wenyewe. Mti wake kwa kawaida ni mwepesi kuliko maji, utabaki juu hata ukijaa. Mizigo iende. Gunia linanunuliwa tena.

Neno la mwisho

Tunajua ugumu. Mama aliyeamka usiku anataka kufika sokoni kabla ya wengine, na mwenye mtumbwi naye ana watoto wa kulisha. Wagenya wamepiga makasia katika mto huu tangu mababu, wanaujua kuliko sisi wa chaki na ubao. Hatuwafundishi kazi yao. Lakini hata mpiga kasia hodari hawezi kuyaambia maji yabebe zaidi ya yanavyoweza.

Mama mmoja akikataa kupanda, watamwita mwoga. Wamama kumi wa kikundi kimoja wakisema pamoja: « Baba, huu umejaa, tunangoja mwingine », hakuna atakayecheka, na mwenye mtumbwi atapunguza mizigo. Wahenga walisema: kawia ufike.

Kwa juma hili tunawapa kazi ya nyumbani, mama na mtoto pamoja: chungwa moja, donge moja la udongo, mkono mmoja wa maharagwe. Andikeni bakuli lenu lilibeba maharagwe mangapi, mlete hesabu katika mkutano ujao. Na siku mtoto atakapouliza tena juu ya kisu na mtumbwi, msimwambie anyamaze. Mwambieni atazame ukingo, awaambie umebaki shibiri ngapi.