Punda Wanne, Ploti Moja: Kila Mmoja Apate Chakula Kinachomfaa



Hapa Fedha, na kule Tassia na Pipeline, mifereji ikikauka ni punda anayetuokoa. Mkokoteni mmoja wenye mitungi ya lita 20 hulipa karo na kodi ya nyumba. Tena punda siku hizi ni mali adimu. Tangu viwanda vya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi vilipofunguliwa nchini mwaka 2016, wengi walichinjwa, wengine wakaibiwa usiku, na bei ikapanda. Kupoteza mmoja ni pigo.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilipata pigo hilo. Kilikuwa na punda wanne katika ploti ya robo eka. Wawili walivuta maji kila siku. Wa tatu alikuwa mzee, meno yamekwisha. Wa nne mkokoteni wake ulivunjika, akakaa bure miezi mitatu, akanona mpaka shingo ikafanya nundu. Chakula kilimwagwa mahali pamoja. Yule mnene alikula na kumfukuza mzee, na mzee akabaki mifupa.

Wanachama wakaamua kumfungia mnene peke yake bila chakula, apungue. Siku ya tatu, hata alipoletewa nyasi, alikataa. Haikupita wiki akafa. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba punda mnene akiacha kula ghafla, mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na kuharibu ini. Tena punda huwa na rafiki. Ukimtenga naye, anaweza kugoma kula kwa huzuni tu.

Basi tufanyeje, ikiwa hawawezi kula sawa na hawawezi kutenganishwa? Jibu ni njia ya kuzunguka. Fundi wa kwato Mmarekani, Jaime Jackson, aliwachunguza farasi wa mwituni miaka ya 1980. Aliona kwamba hawasimami mahali pamoja. Hutembea siku nzima kufuata maji na majani, wakila kidogo kidogo. Wafugaji wengi wameiga mwendo huo kwa kuweka njia kando ya ua, na kwa punda wetu inafaa pia.

Hatua za kufuata:

1. Pimeni njia ya upana wa mita 3 kuzunguka ploti yote kwa ndani ya ua. Kwa ploti ya mita 20 kwa 50, mzunguko ni karibu mita 130. Isiwe na mwisho uliozibwa, maana mnyonge atabanwa hapo na kupigwa mateke.

2. Upande wa ndani wekeni nguzo na waya laini. Seng'enge huchana ngozi. Sehemu ya katikati pandeni nepia, mkate na kuwapa kwa kipimo.

3. Maji yawe kona moja, kivuli kona nyingine, na chakula katika sehemu tatu au nne, ili watembee. Nyasi kavu zitieni katika nyavu zenye matundu madogo, wale polepole.

4. Chakula cha wote kiwe kikavu: mabua ya ngano au ya mahindi yasiyo na ukungu. Punda asiyefanya kazi, wa kilo 150, hutosheka na kilo 2 hadi 3 kwa siku. Mnene apunguziwe taratibu kwa wiki nyingi. Asinyimwe chakula kabisa.

5. Jengeni kizizi kidogo kando ya njia. Humo wa kazi aongezewe nyasi nzuri na pumba kidogo, na mzee apewe nyasi zilizokatwakatwa na pumba zilizolowekwa. Rafiki yake asimame nje akitafuna mabua, wakionana. Mwenye mimba aongezewe miezi mitatu ya mwisho.

6. Zoeni mavi kila siku, muwauzie wakulima wa mboga. Okoteni plastiki, kwa sababu huziba tumbo. Msikate nyasi za ukingo wa Mto Ngong, maana unabeba maji taka.

Kila Jumapili pitisheni mkono mbavuni. Mbavu zikihisika bila kubonyeza sana, ni sawa. Zikionekana kwa macho, ongezeni. Zisipohisika, punguzeni kidogo. Punda akikataa chakula siku moja, msingoje kesho. Muiteni daktari.

Kikundi kile kilijenga njia hiyo kwa kuchanga nguzo na kufanya kazi Jumamosi mbili. Mzee ameanza kujaa mwili. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Sisi tunaona kwamba mara nyingi anayepiga teke kwanza ni mwenyewe, kwa kutojua.

Maswali ya kujadiliana:
Je, punda wetu yupi ananyang'anywa chakula? Nani atawashika mbavu Jumapili hii?